Maswali yenu kwa fundi: sensa za upepo kwenye pikipiki, valvu, na zile adapta za njia mbili

Safari hii karibu barua zote zimeangukia sehemu moja, sensa za kupima upepo wa tairi, na nyingi zinauliza ipi nzuri ninunue ipi, wakati shida nyingi ninazoziona ziko kwenye valvu ambayo hiyo sensa inafungwa. Kwa hiyo majibu mengine yatakuwa marefu na mengine mafupi, msininunie.

SWALI: Fundi habari za kazi. Nimenunua sensa za nje, zile unafunga juu ya valvu badala ya kifuniko, ziko mbili na skrini yake ndogo ya kuweka kwenye usukani. Ndani ya boksi kuna adapta za njia mbili, upande mmoja unafunga sensa upande mwingine unajazia upepo, ili usiwe unafungua sensa kila mara. Pikipiki yangu ni tyublesi, yaani tairi hazina tyubu, rimu 17, valvu ni zile za mpira zilizokuja nayo. Jirani kasema nifunge tu haina neno, ila mi nakimbia barabara kuu nikaona niulize kwanza. — Mwenda Mbali

JIBU: Salama mkuu, na ni vizuri umeuliza kabla hujafunga. Hizo sensa ukiishika mkononi unaona ni kitu chepesi sana, gramu 10 hivi, unajiuliza itadhuru nini. Sasa gurudumu likianza kuzunguka hesabu inabadilika. Chukua tairi ya nyuma ya kawaida ya rimu 17, kutoka katikati mpaka lami ni kama sentimita 31, na sensa yako iko kama sentimita 20 kutoka kwenye ekseli. Ukienda kilomita 100 kwa saa kila kilichofungwa hapo kinavutwa kwenda nje kwa nguvu inayozidi mara 150 ya uzito wake, kwa hiyo gramu 10 zinakuwa kama kilo moja na nusu. Mwendo ukizidi mara mbili nguvu haizidi mara mbili, inazidi mara nne, yaani kwenye 200 ni kilo 6. Ongeza sasa adapta ya shaba, weka vyote kwenye mizani ndogo upime mwenyewe, ukikuta vimefika gramu 30 basi kwenye 100 tu una kilo nne na nusu zimening'inia kwenye kipande cha mpira.

Valvu ikiwa imenyooka kabisa kuelekea ekseli hiyo nguvu inapita ndani ya urefu wa valvu na haiikunji, hapo unapumua kidogo. Lakini valvu za mpira kwenye pikipiki nyingi hazijanyooka hivyo, zimeinama kidogo, na adapta ya njia mbili yenyewe ina mkono umetokeza pembeni, kwa hiyo uzito haukai katikati na mpira unakunjwa. Ukipunguza mwendo unarudi, ukikimbia unakunjwa tena, na mpira ukizeeka unachanika pale chini unapoingilia kwenye rimu, sehemu ambayo huioni. Na ikichanika pale upepo hautoki kidogo kidogo kama pancha ya msumari, unatoka wote. Kwa hiyo jirani yako anaweza akawa sahihi kwa pikipiki ya kuzunguka mtaani kwa mwendo wa 50, kwa wewe hapana.

Cha kufanya ni kubadilisha valvu kwanza ndo ufikirie sensa. Tafuta valvu za chuma, zile zinazofungwa na nati, zina mpira wa kuziba kwa ndani ya rimu. Kabla ya kununua pima tundu la rimu, mengi ya pikipiki ni milimita 8.3 au 11.3, na ukikosea hata valvu iwe nzuri vipi itavuja. Kazi yenyewe inataka tairi ivuliwe upande mmoja, basi subiri siku ya kubadilisha tairi ufanye vyote kwa pamoja. Fundi asafishe lile tundu vizuri, kwenye rimu za aluminiamu huwa kuna unga mweupe wa kutu pale na ukiubakiza ule mpira haukai. Nati ikazwe kwa kipimo kilichoandikwa na mtengenezaji wa valvu maana mtu akiivamia kwa nguvu zake zote mpira unapondeka, unaziba vizuri siku hiyo halafu baadaye unaanza kuvuja.

Zipo pia valvu za chuma zilizopinda nyuzi 90, zinatazama pembeni. Hizo ni raha sana kwenye kujaza maana diski za breki huwa zinabana mkono, mi nazipenda. Ila kumbuka hapo sensa inakaa pembeni kabisa ya valvu na nguvu yote inaikunja, ndo maana lazima iwe chuma na lazima iwe na nati. Na isiweze kujizungusha, kwa sababu ikilegea ikageuka inaweza kwenda kugonga kalipa, kile kinachobana diski ya breki. Ukimaliza kufunga chochote pale, valvu mpya, sensa au adapta, nyanyua gurudumu lizungushe taratibu kwa mkono mizunguko kadhaa, uangalie kalipa, foku zinazoshika gurudumu la mbele, na kwa nyuma suingamu, ule mkono unaoshika gurudumu la nyuma. Nafasi ya unene wa kidole iwepo. Chini ya hapo mi singepanda.

Kuhusu adapta ya njia mbili nakwambia wazi, iache kwenye boksi. Inakuokolea sekunde chache za kufungua sensa, na badala yake inakuongezea uzito, inakuongezea urefu, na inakuongezea sehemu mbili zaidi za kuvuja. Kuna jambo watu hawalijui pia, sensa ya nje inapofungwa inakibonyeza kile kipini cha ndani ya valvu na kukiacha wazi muda wote, ndivyo inavyoupata upepo wa kupima. Maana yake valvu yako haizibi tena, kinachoziba ni kile kimpira kilicho ndani ya sensa. Ukiweka adapta katikati, kipini kinabonyezwa na adapta na sasa unategemea vimpira viwili pamoja na kipini cha ule mdomo wa kujazia. Kikifa kimoja tu unapoteza upepo. Kama shida ni pampu haiingii, nunua adapta fupi iliyopinda, iweke kwenye mfuko wa spana, unaifunga wakati wa kujaza tu halafu unaitoa.

Mwisho, balansi. Gramu 10 upande mmoja kwa tairi ya mbele utazisikia kwenye mikono ukikimbia, basi gurudumu libalansiwe sensa ikiwa imefungwa. Na hapo usiwe unaivua leo unairudisha keshokutwa.

SWALI: Mimi yangu nilishafunga hizo adapta za njia mbili mbele na nyuma, ya mbele inapungua upepo polepole, naongeza inapungua tena. Tairi nimezamisha kwenye maji haina pancha. Tatizo sensa? — Nachoka Kupampu

JIBU: Soma jibu la hapo juu kwanza. Halafu chukua maji ya sabuni, sabuni iwe nyingi, paka kwenye kila kiungo: valvu inapoingia kwenye rimu, adapta inapokutana na valvu, sensa inapokutana na adapta, na ule mdomo wa kujazia. Ukae uangalie kwa dakika kadhaa maana mapovu ya uvujaji mdogo yanakuja taratibu sana, ni madogo kama povu la mate, mtu mwenye haraka hayaoni. Mapovu yakitoka kwenye kiungo fungua uangalie kimpira, mara nyingi kimekaa upande au kuna mchanga. Usitumie koleo kukaza, hivi vitu vinakazwa kwa vidole. Na mdomo wa kujazia uwekee kifuniko chenye mpira ndani, kile kifuniko ni kizibo cha pili, kazi yake haiishii kwenye kuzuia vumbi.

Kama hakuna mapovu popote basi toa adapta, funga sensa moja kwa moja, uone kama upepo unakaa. Ukikaa jibu umelipata.

SWALI: Fundi hizi sensa ni za uongo au? Huku ninakoishi ni juu, mwinuko mkubwa tu. Nimejaza psi 36 kwa geji nzuri, sensa zote mbili zinaniambia 33. Halafu nikitembea muda kidogo zinapanda mpaka 38, nikifika kila safari natoa kidogo. Sasa asubuhi zinanipigia alamu upepo mdogo. — Mkaazi wa Juu

JIBU: Hapa una mambo mawili yamechanganyikana na yote mawili hayana uhusiano na uongo, ila moja unalisababisha mwenyewe.

La kwanza mwinuko. Geji ya mkono inapima tofauti kati ya upepo wa ndani ya tairi na hewa iliyotuzunguka. Sensa nyingi zinapima presha yote kamili ya ndani halafu zinatoa hewa ya nje kwa kukadiria tu kwamba uko usawa wa bahari. Ukiwa mita 2,000 juu, hewa ya nje ni nyepesi zaidi kwa karibu psi 3 kuliko pwani, sensa haijui hilo, inatoa psi 3 za ziada ambazo hazipo. Ndo 33 yako hiyo. Dalili ya kukuthibitishia ni kwamba zote mbili zimekosea kwa kiasi kilekile, ingekuwa moja tu ningesema sensa mbovu au valvu inavuja. Wewe fuata geji, na kwenye skrini shusha kiwango cha alamu kwa hizo psi 3.

La pili ni joto. Upepo wa kwenye tairi unajazwa tairi ikiwa baridi, na kile kipimo kwenye kitabu cha pikipiki ni cha baridi, hata tairi ikipanda baadaye mtengenezaji alishalihesabu. Kila joto la ndani likipanda nyuzi 10, tairi ya psi 36 inaongezeka kama psi 1.7. Tairi ikitoka nyuzi 20 ikafika 50, jambo la kawaida kabisa kwenye lami, tayari umeongeza psi 5 bila mtu kugusa pampu. Sasa we ukizitoa, usiku ikipoa inabaki pungufu ya psi 5, ndo alamu ya asubuhi hiyo, na alamu iko sahihi! Usitoe upepo tairi ikiwa moto. Tairi yenye upepo mdogo inakunjika zaidi, inapata joto zaidi, na wewe unaona namba imepanda unatoa tena, unazidi kuiharibu.

Alamu ya chini mi huweka kama asilimia 15 chini ya kipimo cha baridi, kwa 36 ni karibu 31, na ya juu 45 ili isikusumbue mchana. Wapo wanaoacha asilimia 25 kwa sababu ndiyo iliyotumika kwenye sheria za magari kule Marekani, lakini gari lina tairi nne na halilali kwenye kona, kwa pikipiki 27 badala ya 36 ushaanza kuisikia inayumba.

Na kwa wenye BMW zilizokuja na sensa za kiwandani, msishangae namba ya kwenye dashibodi kutofautiana na geji hata kama hamko mlimani. Ule mfumo unaigeuza presha kuwa kama tairi iko kwenye nyuzi 20, kwa hiyo tairi ikiwa moto geji inasoma kubwa kuliko dashibodi. Ukitaka kuongeza upepo angalia dashibodi inasema pungufu ni kiasi gani ikilinganishwa na kitabu, halafu ongeza kiasi hichohicho juu ya namba ya geji, hata kama geji inasoma kubwa.

SWALI: Pikipiki yangu ni ya spoku na tyubu. Naweza kuweka sensa za ndani? — Spoku

JIBU: Hapana, za ndani zinakaa kwenye nafasi ya hewa ndani ya rimu na wewe nafasi hiyo imejazwa na tyubu. Za nje zinafunga vizuri tu, valvu za tyubu nyingi ni chuma na zimenyooka. Ila angalia kitu kimoja: ile nati ya valvu usiikaze kwenye rimu, ipandishe juu karibu na sensa au uiache huru. Tairi ikiwa na upepo mdogo huwa inateleza kidogo kwenye rimu na kuivuta tyubu, valvu inaanza kuinama, hiyo ndo ishara yako ya kurekebisha kabla haijang'oka shinani. Ukikaza nati unaificha ishara, na ukiweka kisensa juu yake ukiona kimeinama usikinyooshe kwa mkono ukaendelea na safari, toa upepo uirudishe tyubu mahali pake.

SWALI: Fundi wangu wa tairi kakataa kubadilisha tairi baada ya kuona nina sensa za ndani, anasema atazivunja halafu nimdai. Ni kweli zinavunjika kirahisi? Na betri yake ikiisha inakuwaje? — Tairi Zimeisha

JIBU: Huyo fundi mi namheshimu, wengi wanavunja kimya kimya. Ndiyo zinavunjika, kwa sababu sensa imefungwa ndani pale pale kwenye valvu na chuma cha kuvulia tairi kikiingia pale kinaikuta. Njia ni kumwambia mapema, ubandike stika kwenye rimu pale ilipo, na mashine ya kubandua tairi kwenye rimu isianzie hapo. Abandue mbali na valvu, na kwenye kuvua na kurudisha aendelee kufikiria sensa iko wapi kila akizungusha gurudumu. Fundi mzoefu hapati shida kabisa.

Betri za za ndani zimefungiwa humo humo, hazibadilishwi, huwa zinakaa miaka 5 mpaka 10 hivi kutegemea matumizi, ikiisha unanunua sensa nzima na kuisajili upya kwenye pikipiki. Kwa hiyo kama sensa yako ina miaka 6 au 7 na unavua tairi, ibadilishe sasa kuliko kuivua tena tairi mpya kwa ajili ya betri. Na zikikaa kimya pikipiki ikiwa imesimama usianze kutafuta mbovu, nyingi zinalala ili kutunza betri na zinaamka gurudumu likishazunguka kwa mwendo fulani.

Mawili zaidi. Zile dawa za maji za kuziba pancha, zenye gundi, usiweke kwenye tairi yenye sensa ya ndani, zinaziba kile kitundu inachopumulia na baada ya hapo itakusomea namba ileile hata tairi ikiwa chini. Na za nje nazo zinaathirika maana dawa inaingia mpaka kwenye kipini cha valvu. La pili, valvu za sensa za ndani mara nyingi ni aluminiamu, usiweke kipini cha shaba tupu wala kifuniko cha shaba, metali hizo mbili na maji ya chumvi au tope zinakulana zinashikana, siku ya kufungua unavunja valvu nzima. Tafuta kipini kilichopakwa nikeli, na kifuniko cha plastiki kinatosha.

SWALI: Rafiki yangu anadai kama zingekuwa na maana serikali zingelazimisha kwenye pikipiki kama zilivyolazimisha kwenye magari. Nimjibu nini? — Mbishi

JIBU: Mwambie sheria zilianza na magari kwa sababu zake. Marekani bunge lilipitisha sheria mwaka 2000 baada ya ile kashfa ya tairi za Firestone zilizokuwa zikichanika njiani na kusababisha ajali kwenye magari ya Ford, na kufikia 2007 magari mapya madogo yote yakatakiwa kuwa na mfumo huo. Ulaya magari mapya yote ni kuanzia Novemba 2014. Pikipiki haziko humo. Na kuna ugumu wa kiufundi pia, magari mengi yanatumia njia rahisi isiyo na sensa kwenye tairi, kompyuta ya breki za ABS inalinganisha mizunguko ya magurudumu, lenye upepo mdogo linazunguka zaidi. Kwenye pikipiki hilo halifanyi kazi vizuri kwa sababu ukilala kwenye kona tairi inakanyagia ubavu, ambako mzingo wake ni mdogo, kompyuta inachanganyikiwa. Kwa hiyo pikipiki inataka sensa halisi, na sensa halisi ni gharama.

Kama havutiwi na hayo muulize tu mara ya mwisho kupima upepo ilikuwa lini.

SWALI: Sensa zangu za nje zimekuja na vinati vyembamba vya kuzuia wezi, unakikaza chini ya sensa halafu haifunguki bila kispana chake. Nivitumie? — Naogopa Kuibiwa

JIBU: Vitumie kama unalaza pikipiki nje, ila hicho kispana kikae kwenye pikipiki, kisikae kwenye droo nyumbani. Ukipata pancha njiani usiku na sensa haifunguki huwezi kujaza upepo hata kama pampu unayo, na watu wanaishia kuing'oa kwa koleo na kuharibu nyuzi za valvu. Betri za hizi za nje ni zile bapa za duara, huwa zinakaa mwaka mmoja au miwili, ukibadilisha angalia kimpira cha kuzuia maji kimerudi sawa. Na ukizivua zote mbili kwa pamoja weka alama ipi ya mbele ipi ya nyuma, skrini inazitambua kwa namba zake, ukizibadilisha itakwambia tairi ya mbele imepungua na wewe utahangaika na ya mbele wakati inayovuja ni ya nyuma.